Miguu Chini ya Leso

Msichana wangu alitolewa kwa foleni ya wasichana kama mtu anavyotoa jiwe kwa mchele.

Ilikuwa Membley, nyumbani kwa binamu yangu Nyambura, siku ya ruracio, ile sherehe ya mahari, ya binti yake Tracy. Wageni wa upande wa kijana walikuwa wameshaketi kwa hema, wamekunywa uji wa kibuyu, mazungumzo ya mahari yamekaribia mwisho, na sasa wanangoja ile sehemu ambayo kila mtu huipenda. Wasichana wa boma wanafunikwa leso kutoka kichwani mpaka karibu na vifundo vya miguu, bibi harusi akiwa katikati yao, halafu bwana anaambiwa amtafute wake. Akishika asiye wake anapigwa faini na watu wanamcheka mpaka azeeke. Kitu pekee kinachoonekana ni miguu.

Wangari wangu alikuwa wa mwisho kwa foleni, nyuma ya gereji, leso yake ikiwa begani. Alikuwa ameamka asubuhi akasugua miguu kwa jiwe, akapaka mafuta mpaka ikang'aa, na akavaa ndala mpya alizonunua soko la Thika kwa ajili ya siku hiyo. Mimi nilikuwa hapo karibu, nimeshika sufuria ya mukimo. Aliyekuwa akipanga wasichana ni Tata Wairimu, shangazi yetu, dada ya baba yangu na ya baba ya Nyambura. Alipita ameinama kidogo, macho chini, kama mtu anayechagua mbuzi sokoni. Alipofika kwa Wangari akasimama.

"Toka hapo, mami," akasema, na sauti hakupandisha hata kidogo. "Na hayo magaga, hata kipofu atajua huyu si wa hapa. Tutamrahisishia bwana kazi. Enda usaidie na sahani."

Wasichana wawili wakacheka ndani ya leso. Mtu akicheka ndani ya leso humwoni meno, unaona tu nguo ikitetemeka. Nafasi ya Wangari ikapewa rafiki ya Tracy wa shule, msichana mwenye adabu, sina neno naye, lakini hata jina la cucu, nyanya yetu, hakulijua. Na Nyambura, mwenye boma, mama ya bibi harusi, alikuwa amesimama hapo hapo na pini za kufungia leso mdomoni. Aliniangalia. Halafu akaangalia simu yake.

Wangari hakulia. Aliikunja ile leso pembe kwa pembe, vile tunakunja shuka za watu tunaowafulia, akampa Tata Wairimu kwa mikono miwili, akaenda kwa sahani.

Wenzangu tuliokulia kwa kahawa ya Ruiru, hebu tukumbushane miguu yetu ilivyokuwa. Nani alikuwa na viatu? Viatu vilikuwa vya kanisa, na hata hivyo ulivibeba mkononi njia yote, ukifika karibu na kanisa unajipangusa vumbi kwa nyasi, unavaa, unaingia ukitembea kama jogoo aliyefungwa kamba. Nyayo zetu zilikuwa ngumu kama akala za tairi. Miiba ilikuwa inavunjika yenyewe. Baridi ya Julai ikija, ukungu umelala juu ya kahawa huoni hata choo, tulikuwa tunamwamsha ng'ombe wa cucu asubuhi ili tusimame pale alipokuwa amelala, kwa sababu pana joto. Ng'ombe mwenyewe alishatuzoea. Anaamka, anatupisha, anaenda kulala kando. Mtoto wa siku hizi ukimwambia hivyo anakunja uso, anauliza kama mlikuwa mnanawa baadaye. Hatukuwa tunanawa. Tulikuwa tunaenda shule.

Boma la Cucu Nyambura, mama ya baba yangu, lilikuwa Gatongora. Wakati huo Gatongora haikuwa na flati, haikuwa na duka la simu, haikuwa na geti za rangi ya dhahabu. Ilikuwa kahawa, njia ya udongo mwekundu, na filimbi ya treni ikitoka mbali ukajua mchana umeisha. Cucu alikuwa na vijana wawili. Mkubwa ni Kimani, karani wa chama cha kahawa, mtu wa kalamu mfukoni. Mdogo ni Njuguna, baba yangu, mtu wa jembe. Na kwetu msichana wa kwanza huitwa kwa jina la mama ya baba yake, hakuna kujadiliana. Kwa hivyo Anko Kimani alipopata msichana akamwita Nyambura, na baba yangu alipopata mimi, msimu ule ule wa mavuno, akaniita Nyambura. Watoto wa leo wanaitwa majina ambayo wazazi waliyatoa kwa televisheni. Sisi tuliitwa mtu, na mtu mwenyewe alikuwa hapo anatuangalia.

Baba yangu alikuwa ananiita maitu, maana yake mama. Anko Kimani naye alimwita wake maitu. Mtu mgeni akifika hapo nyumbani anashangaa wanaume wazima wakiwaita watoto wenye kamasi mama. Cucu mwenyewe akisimama mlangoni akiita Nyambura, tulikimbia wote wawili, na aliyefika kwanza ndiye alipewa ngwaci ya moto, kile kiazi kitamu cha kuchomwa kwa majivu. Aliyefika wa pili alipewa nusu ya mwenzake. Kwa hivyo tulikula sawa sawa tu, lakini mbio zilikuwa lazima.

Jumamosi jioni ilikuwa siku ya funza. Nyinyi mnaojua mnajua. Cucu alitutoa kwa kalongolongo, ugali wetu wa udongo ukiwa bado kwa mkebe, akatuketisha kwa kigoda kimoja, akaweka miguu yetu yote ndani ya karai moja ya maji ya moto na sabuni ya kipande. Povu likijaa hatukuwa tunajua tena mguu ni wa nani. Tulifinyana vidole ili anayelia tumjue mwenyewe. Halafu Cucu alitoa pini kwa leso yake, akaishika kwa moto wa taa, akaanza kuchokora. Funza mmoja wa Nyambura wa Anko Kimani alikuwa ameingia sana, chini ya ukucha wa kidole kidogo cha mguu wa kushoto. Alilia mpaka majirani wakaja. Ukucha ulitoka na haukurudi tena. Cucu alipaka mafuta ya taa, akashika miguu yetu kwa magoti yake, akasema maneno ambayo alikuwa anasema kila Jumamosi: "Hii miguu ni yangu yote. Msiniharibie."

Kwa mchezo wa bladda huyo binamu yangu alikuwa hashikiki. Ile mipira tuliyokata kwa tairi za ndani za baiskeli na kufunga fundo, ikipandishwa mpaka kwapani, yeye anaruka tu kama panzi, na ule mguu wake usio na ukucha ndio alikuwa anatangulia nao. Alisema mguu huo una bahati. Mimi nilikuwa mzuri kwa kati, ule mchezo wa kukwepa, hakuna mpira wa nailoni ulionigusa. Shule tulienda moja, ile ya serikali karibu na kiwanda cha kahawa, harufu ya maganda yaliyochacha ikiingia mpaka kwa daftari. Ijumaa tulipaka sakafu ya darasa kinyesi cha ng'ombe. Maziwa ya shule yakija, yale ya pakiti ya pembe tatu, tulikunywa nusu na nusu tukampelekea Cucu kwa shati. Tukiongea Kikuyu tulivalishwa monto, kale kakipande ka mbao shingoni, na yule Nyambura alikuwa anakavaa mara nyingi kuliko mimi. Kiingereza ndicho kilikuwa kinamshinda. Nasema hivyo kwa sababu leo ukimsikia hutaamini.

Sasa nitaje watu. Kwetu tumezoea kusema "ilisemekana," "iliamuliwa," kama uamuzi ni mvua iliyonyesha yenyewe. Hii haikunyesha.

Tulikuwa darasa la nne. Anko Kimani alikuja siku moja na habari ya akademi upande wa Thika, ya kulala huko huko, ya watoto wa wakubwa. Siitaji hiyo shule kwa sababu shule yenyewe haikunikosea. Walikaa jikoni kwa Cucu: Anko Kimani, baba yangu, na Tata Wairimu, ambaye alikuwa mwalimu na neno lake kwa familia lilikuwa kama muhuri. Mimi nilikuwa nje nachambua maharagwe, na ukuta ulikuwa mbao na mapengo. Anko Kimani alisema kahawa ya mama inaweza kusomesha mtoto mmoja huko, wawili haiwezi. Cucu akauliza, na hawa wangu ni wawili, nitafanya nini? Ndipo Tata Wairimu akasema lile neno.

"Mama, wote si ni wewe? Mmoja akisoma, Nyambura amesoma. Na huyo ndiye atavuta mwenzake."

Mtu wa kabila lingine hawezi kudanganywa na maneno kama hayo. Sisi tulidanganyika, kwa sababu tuliamini jina kweli kweli. Cucu aliamini kwamba mguu mmoja ukivuka mto mwili wote umevuka. Alikubali. Wakamuuliza baba yangu. Alikuwa mdogo kwao, hakuzoea kumjibu Kimani, na alikuwa na haraka ya kurudi kwa jembe. Alisema, "Sawa." Hilo ndilo alinirithisha. Baba, uko mbele za haki na nilikupenda, lakini na wewe nakutaja.

Hakuna aliyeuliza kwa nini awe yule na asiwe mimi. Ilieleweka tu. Baba yake ana kalamu mfukoni.

Likizo ya kwanza alirudi na soksi nyeupe. Tulikuwa tumemngoja kwa barabara, mimi na watoto wa majirani, bladda mpya iko tayari. Alisema matroni amewakataza kukanyaga chini. Tukacheka, tukadhani ni mzaha. Cucu akaweka karai, jioni ya Jumamosi, na yeye akakataa kuweka miguu pamoja na yangu. Alisema kwa heshima, kwa sauti ya polepole ya watu wa huko, kwamba kila mtu aoge maji yake. Cucu alimwaga maji yote, akachemsha mengine.

Likizo iliyofuata miguu yake ilikuwa imelainika kama ya mtoto mchanga. Tulitaka kwenda mtoni kupitia kwa kahawa iliyopogolewa, na pale chini kulikuwa na visiki na matawi makavu. Hakuweza. Alisimama kwa ukingo wa shamba la cucu yake mwenyewe kama mtu amefika baharini. Nilimbeba mgongoni. Nilimvusha shamba lote hilo mpaka mtoni na nikamrudisha, na alikuwa anacheka kwa sikio langu, na mimi nilikuwa na furaha. Wenzangu, hicho ndicho kinaniuma kuliko vingine. Nilikuwa na furaha.

Kulikuwa na ile siku ya wazazi kutembelea wanafunzi. Nilipelekwa nibebe hotipoti ya chapati na ile ya kuku, kwa sababu mimi nilikuwa na nguvu. Sijawahi kuona nyasi zimekatwa hivyo. Wasichana walikuwa wamekaa na mama zao kwa blanketi, na mama zao walikuwa wanajuana: huyu ni wa benki, huyu bwana yake ni wa bandari, huyu wanasali pamoja Nairobi. Siku zingine watoto walifundishwa hesabu, siku hiyo wazazi wao walikuwa wanapanga maisha ya hao watoto juu ya chapati. Msichana mmoja akamuuliza binamu yangu mimi ni nani. Akajibu kwa Kiingereza, bila kufikiria sana, kwamba ninawasaidia nyumbani. Kiingereza changu cha darasa la sita kilitosha kuelewa. Anko Kimani alikuwa hapo. Alisikia. Aliniambia nifunike kuku asipoe.

Kutoka hapo binamu yangu alikuwa Stella. Jina la ubatizo lilikuwepo tangu zamani ila hakuna aliyelitumia. Shule ilipenda hilo, na yeye akalipenda. Kwa hivyo jina la Cucu lilibaki langu peke yangu, na nilifurahi nikidhani nimeshinda kitu.

Kahawa ilishuka, mnakumbuka, watu walianza kupanda maharagwe katikati ya mistari kwa siri. Karo ya akademi haikushuka. Anko Kimani alianza kukata shamba la Cucu, kipande cha barabarani kwanza, halafu cha katikati. Nilipomaliza darasa la nane na kuitwa sekondari ya wasichana, sio ya ajabu lakini sekondari, niliambiwa ningoje Stella amalize kwanza, halafu atanivuta. Nilingoja. Nilichuma kahawa ya watu nikingoja. Cucu alikufa akiwa anangoja na mimi, na siku za mwisho alikuwa akiniita haniulizi chakula wala dawa, aliuliza tu kama Nyambura amemaliza kusoma. Nilimwambia bado kidogo. Baada ya matanga kilichobaki cha Gatongora kiliuzwa, Anko Kimani akajenga karibu na barabara kuu, na sisi tulipata Ngoliba, pale chini mahali mvua inapita ikienda kwa wengine. Baba alishika ule udongo mkononi siku ya kwanza, ukamwagika kama unga.

Nisimnyime mtu haki yake. Stella alisoma. Lakini msiniambie ni akili, mimi nilikaa naye dawati moja. Akademi ilimpa watu. Baba ya rafiki yake wa bweni ndiye alimwingiza kazini Nairobi. Ndugu ya rafiki mwingine ndiye alimwoa. Wasichana wa lile blanketi bado wako pamoja, wanachangiana, wanasimamiana harusi, watoto wao wanaitana binamu. Mimi ndiye binamu, na mimi ndiye nilikuwa na hotipoti.

Na kunivuta alinivuta, asije akasema nimesahau. Alipojenga Membley alinipigia niende nimfulie. Nilivutwa kutoka Ngoliba mpaka kwa karai ya nyuma ya nyumba yake. Wangari alikuwa mdogo, sikuwa na wa kumwachia, kwa hivyo nilikuwa nakuja naye. Baba yake alishaenda zake na hana sehemu kwa hadithi hii.

Hapo ndipo Wangari na Tracy walijuana. Tracy alikuwa wa basi la manjano, lile linabisha hodi mpaka kwa geti, na lina mama wa kumshika mkono apande ngazi. Ana chupa ya maji shingoni kama anavuka jangwa, na shule iko pale ng'ambo. Jumamosi kuogelea, Jumapili sherehe ya kuzaliwa ya mtu. Kuruka hakujua. Wangari alichukua soksi ndefu kuukuu za Stella, akazifunga pamoja, akamfundisha bladda kwa sakafu ya gereji, viatu vikiwa kando. Nilikuwa nafua nikiwasikia wakihesabu kwa wimbo ule ule wetu, na nikasimama na povu mikononi, nikajiambia sasa inarudi. Stella alitoka, akasimama kwa mlango wa jikoni akiwaangalia kwa muda. Nilidhani na yeye ataruka. Akamwambia Tracy avae viatu, mwalimu wa piano amefika.

Tracy alikua vizuri, simtaji na wabaya. Ni yeye mwenyewe alimpigia Wangari juu ya hii ruracio. Akamwambia, "Wewe utasimama karibu na mimi kwa leso. Nataka damu yangu hapo, si marafiki tu." Wangari alizima simu akanirudia maneno hayo neno kwa neno, na akatafuta lile jiwe la kusugua.

Mnajua yaliyotokea. Bwana alimpata wake kwa urahisi, alimjua kwa rangi ya kucha, wakapiga vigelegele. Leso zilipofunuliwa Tracy aliangalia kushoto na kulia, nilimwona, akauliza Wangari yuko wapi. Mama yake akamwambia amelemewa na tumbo. Wangari alikuwa hatua chache kutoka hapo, mikono ndani ya maji ya sahani, na alisikia ugonjwa wake ukitangazwa. Tracy alivutwa kwa picha. Picha ziko kwa grupu ya familia mpaka leo: miguu ya wasichana imepangwa mstari, laini, kucha zimepakwa rangi, na watu wameweka vicheko chini yake. Hakuna aliyeuliza ni mguu wa nani umekosekana.

Wangari alikuwa amepata nafasi kwa chuo cha ufundi hapo Thika, kusomea umeme. Ni yeye hurekebisha redio za Ngoliba yote. Tangu siku ile anavaa soksi. Kwa jua lile la kwetu, akienda kuteka maji, soksi. Wiki ya kuripoti ilifika na begi haikutoka chini ya kitanda. Nilimuuliza. Akasema hataenda, huko kuna watu. Nikamwambia wa umeme huvaa buti, nani atamwona?

"Na tukivua?" akaniuliza.

Chuo kimesema kinaweza kumngojea mpaka muhula ujao, si zaidi. Ndiyo sababu naandika, nisidhaniwe nimekaa nikililia bladda.

Kwa kweli natamani yale matope. Natamani yule ng'ombe. Gatongora nikipita sasa sioni hata pale choo kilikuwa, ni flati juu ya flati, na watoto wamefungiwa juu kwa veranda wanaangalia chini kama kuku wa soko. Hao watoto miguu yao ni safi sana. Lakini enzi zetu mtoto wa karani na mtoto wa jembe walitolewa funza na pini moja, na hakuna aliyeweza kuwatofautisha kwa kuangalia chini. Leo shangazi mzima, mwalimu aliyestaafu, anainama, anaangalia kisigino, na anajua nani alipelekwa akademi na nani alibeba hotipoti. Anajua kwa sababu yeye ndiye alipanga.

Anko Kimani amekufa, simfuati kaburini. Baba yangu vile vile. Tata Wairimu, nilikuuliza kwa simu, ukaniambia ulikuwa mchezo tu na nisilete uchungu kwa siku ya watu. Sawa. Wewe ulimwambia mama yako kwamba sisi wawili ni yeye mwenyewe, basi ulipomtoa mtoto wangu ulimfukuza mama yako kwa foleni. Kaa na hilo, unajua kusahihisha.

Ninayemtaka ni wewe, Nyambura. Sikuiti Stella. Sitaki simu, sitaki ujumbe kwa grupu, sitaki unga na mafuta kwa dereva. Njoo Ngoliba mwenyewe, kabla ya muhula kufunguliwa. Kigoda cha Cucu ninacho, na karai nitaweka maji ya moto. Keti hapo mbele ya Wangari na uvue viatu, wewe ambaye hujaonekana bila viatu tangu tukiwa watoto, hata kwa matanga ya Cucu. Toa mguu wa kushoto. Mwonyeshe msichana wangu kile kidole kisicho na ukucha, umwambie kilipotelea wapi, na nani alikubeba baadaye kuvuka kahawa. Halafu, na huo mdomo uliokuwa umejaa pini, umjibu: siku ile nyuma ya gereji, ulikuwa unaona aibu ya miguu ya nani?